Njaa ya Mama Yangu Ilipofika Bungeni

Nianze na kosa langu, maana huko Kiriba, kijijini kwa mama, wengi bado wanasema lilikuwa kosa la Serikali, na mimi nikiwa na hasira huwa nasema hivyo hivyo. Viti niliviazima mimi. Nilivibeba kichwani mwenyewe kutoka kwa mke wa mwenye mitumbwi, viti vya mbao vyenye mito ya maua, nikavipanga sebuleni kwa mama yangu kama vile tumezaliwa navyo.

Mama alikuwa kwenye mpango wa kaya maskini tangu baba alipofariki. Alivunjika mguu shambani na haukuunga vizuri, jembe likamshinda. Mimi ndiye binti yake pekee, nimeolewa Bunda, nauza dagaa sokoni, na wanangu nao wana matumbo. Ile ruzuku ndiyo iliyomfanya ale. Sisemi ashibe, nasema ale. Basi wiki moja nilipokuwa nimekwenda kumsalimia, mwenyekiti wa kitongoji akapita mlangoni akasema kesho kutakuja wageni kutoka halmashauri, watauliza maswali na kujaza dodoso, kila kaya ijiandae.

Ijiandae! Mwambie mama wa kwetu ajiandae kwa wageni, uone. Kwetu mgeni hakalishwi kwenye kigoda wala hapewi maji matupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na nyumba ikikosa kiti cha mgeni watu wataitaja mpaka kwenye kwaya ya kanisani. Kwa hiyo siku ile hakuna aliyeona ajabu. Kijiji kizima kilikuwa kinaazimana vikombe, chupa za chai, meza, vitambaa vya meza. Mvuvi mmoja, ndugu wa baba, alitupatia sato mzima. Mama akanituma nirudi tena kwa mke wa mwenye mitumbwi nikaombe na sahani za udongo.

Wageni walikuja wawili, vijana wenye adabu. Wakaamkia, wakakaa kwenye mito ya maua, wakala sato. Yule aliyeshika dodoso akachungulia uani, akaona mbuzi wawili wamefungwa kwenye nyasi. Walikuwa mbuzi wa mwenye mitumbwi, waliletwa kwetu kula majani.

"Bibi, hawa mbuzi ni wa hapa?"

"Wa hapa hapa, mwanangu," mama akajibu. "Ongeza ugali."

Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kunawisha mikono. Nilisikia vizuri kabisa. Nikanyamaza, maana binti hamkatizi mama yake mbele ya wageni. Na niseme ukweli wote, niliona fahari. Niliona tumewapokea watu wa Serikali kama watu.

Orodha mpya ilipobandikwa kwenye ofisi ya kijiji, jina la mama halikuwepo. Nikamuuliza mtendaji kulikoni. Akaniambia, bila hata kucheka, kwamba mama yangu amehitimu.

"Amehitimu nini?"

"Umaskini. Kaya yake imeimarika."

Mungu wangu! Mwanamke wa miaka ile, anayetembea kwa kushika ukuta, amehitimu. Nilitoka pale nikalia barabarani mchana kweupe, watu wakidhani nimefiwa.

Nikaanza kuzunguka. Kijijini wanasema nenda halmashauri, halmashauri wanasema rudi kijijini ukaanze na barua ya mtendaji. Barua nikaipata, wakasema mfumo umefungwa, subiri zamu nyingine ya tathmini. Mama atakula nini mpaka hiyo zamu? Niliuliza hivyo hivyo dirishani, kwa sauti, na dada mmoja wa ofisini akaniambia nipunguze jazba. Mwaka ule mvua zilinyesha wakati wa kuanika, dagaa wangu wakaoza kwenye mwalo, pale wavuvi wanapotua, mtaji ukaisha. Wifi yangu wa Butiama, kule Mwitongo, alinipa mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nimpelekee mama. Nilipoufikisha, mama aliichukua ile michembe, akagawa nusu kwa jirani aliyekuwa amekuja kumwona.  Mifupa ya mabega yake ilikuwa imetokeza kwenye gauni, na bado anagawa.

Hakusema ana njaa. Hata mara moja. Ukimuuliza anakwambia, "Sisi tunakulaga, mwanangu, usijali, lea watoto." Lakini nilikuwa nafunua vyungu vyake akienda chooni. Nilikuta uji wa udaga, ule unga wa muhogo, mwembamba, wa jana.

Mbunge alipokuja kufanya mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule, nilisafiri kutoka Bunda kupitia Musoma mjini nimuwahi. Nikanyoosha mkono mpaka ukaniuma. Kipaza sauti kikanifikia. Nikasema, "Mheshimiwa, mama yangu anakufa na njaa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka kanisani, na makaratasi yenu yanasema ana mbuzi." Watu wakaguna. Wengine wakashangilia, eti sema mama, sema. Sikutazama upande ambao wazee walikaa. Mbunge akamwambia msaidizi wake aandike, nikamtajia mguu, ujane na ule uji wa udaga, kisha mbunge akaniahidi kwamba suala hilo atalifikisha Bungeni.

Ahadi za wanasiasa tunazijua. Lakini huyu alilifikisha. Asubuhi moja nikiwa sokoni Bunda, jirani yangu wa meza ya pili, mwanamke wa Kiislamu anayeuza viungo, akaniita mbiombio, "Shoga, njoo, ni mbunge wako huyo!" Tukainamia redio ya simu yake. Swali la msingi lilikuwa Serikali ina mpango gani wa kuzirudisha kaya zilizoondolewa kimakosa, na lini fedha za miradi ya jamii zitafika vijijini. Naibu Waziri akampongeza mbunge kwa ufuatiliaji wake, akasema Serikali inatambua, Serikali inaendelea, kadiri fedha zitakavyopatikana. Nikasema basi, tumekwisha.

Mbunge akasimama tena kwa swali la nyongeza. Akasema jimboni kwake, Kiriba, yuko mama mjane, mguu mbovu, jirani na kanisa, anayekunywa uji wa udaga mara moja kwa siku. Je, Naibu Waziri yuko tayari kuambatana naye akamwone kwa macho yake? Wabunge wakapiga meza. Naibu Waziri akajibu kwamba yuko tayari, na kwamba anamwelekeza mkurugenzi atume timu wiki hiyo hiyo ikafanye tathmini upya.

Muuza viungo alinikumbatia. Nilishukuru Mungu kwa sauti katikati ya soko. Haikunijia kabisa kwamba Kiriba nako kuna redio, na kwamba aibu ya mkutanoni ilikuwa ya kijiji, hii ya nchi nzima.

Nilipofika kwa mama siku ya timu, nilimkuta amekaa kitandani, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Sikupata hata salamu.

"Umenivua nguo," akasema. "Nchi nzima inajua chungu changu kina nini. Shemasi kaniletea unga akiwa ameufunika kwa gazeti, anaona aibu kunitazama. Baba yako alikufa na njaa yake akazikwa nayo. Wewe umeitangaza."

"Mama, ungekufa."

"Ningekufa na heshima yangu."

 Nje nikasikia sauti. Alikuwa mke wa mwenye mitumbwi, kiti kichwani. Mama ndiye aliyemtumia ujumbe. Nilimzuia mlangoni, nikamwambia hapana, rudisha, leo hakiingii kiti hapa. Yule mwanamke akanitazama kana kwamba nimemtukania ukoo. Nikatoa hata kile kikombe kizuri cha bati kilichokuwa rafuni, nikakificha nyuma ya choo. Nyumba ikabaki na mkeka, kitanda na kigoda kimoja.

Timu ilikuwa ya watu wanne, mmoja afisa ustawi wa jamii, mwanamke wa makamo, wakiongozwa na mwenyekiti wa kitongoji. Mama akawakaribisha. Walipotafuta pa kukaa na kuishia kwenye mkeka, nilimwona akifumba macho. Hakukuwa hata na maji ya kunawa, maana sikuchota. Nilifanya makusudi.

Afisa akauliza kwa upole, "Bibi, kwa siku unakulaga mara ngapi?"

"Tatu," mama akasema. "Asubuhi chai na viazi. Mchana ugali na samaki. Jioni ninachotaka."

Kalamu ikaanza kuandika. Nikaona ile herufi ya kwanza ikikaa kwenye karatasi, na nikaona miezi yote ile ya kuzunguka, barua, dirisha, mkutano, Bunge, vyote vinakwenda na maji.

"Mama anadanganya," nikasema.

Hakuna mtu wa kwetu anayesema neno hilo kwa mzazi wake, sembuse mbele ya wageni. Mwenyekiti wa kitongoji alisimama akatoka nje. Mimi nikaenda jikoni, nikaleta chungu, nikakifunua mbele ya afisa. Ulikuwemo uji wa juzi na ukoko. Nikamwambia huo ndio chai yake, ndio samaki wake, ndio hicho anachotaka jioni. Mbuzi si wetu. Viti vile vilikuwa vya kuazima na niliviazima mimi. Nilikuwa nalia na kupiga kelele kwa pamoja, na makamasi yananitoka mbele ya watu wa Serikali.

 Afisa aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema jina litarudi, yeye mwenyewe atalisimamia. Akatoa kidau cha wino. Nilidhani mama atagoma. Hakugoma, alitoa kidole gumba, akakibonyeza kwenye karatasi, akakifuta kwenye ule mkeka.

"Tunahitaji na mwakilishi wa kaya," afisa akasema, "mtu wa kumpokelea bibi siku akishindwa kutembea." Akanigeukia, nikamtajia jina langu, akaliandika. Halafu akamgeukia mama kwa heshima. "Bibi, huyu ni nani wako?"

Mama akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Jirani," akasema.

Afisa alinyanyua kalamu, akaniangalia mimi. Alikuwa ameshanisikia nikimwita mama. Nje mwenyekiti alikuwa anakohoa. Nikamwambia aandike hivyo hivyo alivyoambiwa, asije akaharibu fomu.