Kipande cha Chini cha Lebo

Siku yangu ya kwanza kazini nilitukanwa kwa sababu ya jani. Vita ya pili ilikuwa bado inapiganwa, nami nilikuwa kijana wa kaptula mpya, nimesimama mbele ya meza ya Bwana Mimea, ndivyo tulivyomwita Mzungu mtaalamu wa mimea, katika kituo cha utafiti wa mapori, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Alinipa tawi la mkwaju akaniuliza ninaona nini. Nikajibu kwamba ninaona majani.

"Majani!" akafoka. "Hata mbuzi anaona majani. Wewe umeajiriwa uone zaidi ya mbuzi."

Alikuwa mkali huyo Bwana Mimea wa kwanza, lakini hasira yangu haimhusu yeye. Yeye alinifundisha kazi. Jani la mkwaju, alisema, limegawanyika vijani vingi juu ya kikonyo kimoja, kwa hiyo ni jani ambatani. La mpera halikugawanyika, ni jani sahili, na majani yake yamekaa mkabala, mawili mawili yakitazamana kwenye kijiti. Ukingo wenye meno ulikuwa na neno lake, ncha iliyochongoka ilikuwa na lake, na vinyweleo vya chini ya jani vilikuwa na lao. Ukikosea neno, alikurudisha porini kwa miguu ukatazame upya.

"Andika kama unamweleza mtu ambaye hatauona mti huu maisha yake yote," alikuwa akisema.

Tawi tulilitandaza katikati ya magazeti, tukalibana kwa mbao mbili na mikanda mpaka likauke, kisha tukalishona kwenye karatasi ngumu na kubandika lebo. Lakini kuna mambo ambayo hayakauki na tawi, yanapotea. Harufu hupotea. Rangi ya utomvu, yaani majimaji yatokayo gome linapokatwa, nayo hupotea. Hayo tuliyaandika palepale porini kwenye sehemu ya chini ya lebo, pamoja na jina la mti kwa Kisukuma, ugonjwa unaotibiwa, namna ya kuichukua dawa, na mwisho jina la mtu aliyetuambia. Lebo isiyo na jina la mtu Bwana Mimea wa kwanza hakuipokea.

Vita ilipokwisha alirudi kwao. Miaka michache baadaye nikahamishiwa Geita, upande wa machimbo ya dhahabu, chini ya Bwana Mimea wa pili. Huyu alikuwa na mkasi. Alitaka karatasi zake zifanane na za Ulaya, safi, zenye jina la Kilatini na maelezo ya jani na ua, basi. Kila lebo niliyompelekea aliikata sehemu ya chini, na kipande kikaanguka sakafuni.

"Porojo za waganga zinachafua kazi yangu," aliniambia. "Nani amekuomba?"

Jioni nilipofagia niliviokota vile vipande nikavitia kwenye kopo la biskuti. Msinisifu. Sikuwa nahifadhi elimu ya mababu. Nilikuwa na mwandiko mzuri na niliuonea huruma, hiyo ndiyo sababu yote.

Dawa nyingi za upande ule nilielezwa na mama mmoja wa karibu na Katoro, wakati huo Katoro ikiwa pori na nyumba chache. Aliitwa Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, na alikuwa akiwatibu wachimbaji minyoo kwa gome la mti ambao sitautaja hapa, maana nawajua, kesho mtakwenda kuubandua. Siku aliyonionyesha mti huo nilitoa kisu, nikakata gome, nikaanza kuandika. Akanishika mkono.

"Ng'wanone, unakimbilia wapi?" Aliniita mwanangu, ingawa hakunipita miaka mingi. "Miti hii iko miwili. Jani moja, ua moja. Kata, kaa chini, nusa ugoro. Ugoro ukiisha puani, ndipo utazame."

Tukakaa. Akanusa ugoro wake taratibu, akanipa nami nikapiga chafya mpaka akacheka. Utomvu ulikuwa bado mweupe kama maji ya kisima. Kisha akanipeleka kwenye mti wa pili, akakata, tukakaa tena. Safari hii utomvu uligeuka mwekundu polepole mbele ya macho yangu.

"Huu unaua," alisema, akachukua udongo akaufunika mkato. "Ukiuona hivi, uzibe, uondoke."

Niliandika yote. Bwana Mimea akakata yote.

Halafu zahanati ya machimbo ikaishiwa dawa ya minyoo. Bwana Mimea akakumbuka neno minyoo kwenye lebo aliyoikata, akasema mti upo kwenye kabati lake, hakuna haja ya kumfuata mwanamke wa porini. Nilikuwa nimetumwa Kagongwa kukusanya nyasi, wiki mbili. Akawapa vibarua ile karatasi yenye tawi kavu na kuwaambia watafute mti wenye jani kama hili. Wakautafuta, wakaupata. Walioupata ni ule wa pili.

Niliporudi, Lusajo alikuwa ameshazikwa. Alikuwa mchimbaji kutoka Tukuyu, kijana mcheshi ambaye siku zake za mapumziko alinisaidia kubeba mbao zangu porini. Alikunywa asubuhi, na adhuhuri hakuwepo. Alikufa kwa uvivu wa mtu mmoja mwenye mkasi!

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliitisha baraza. Bwana Mimea akasimama bila haya akasema kwamba habari za mti ule zilitoka kwa mganga wa kienyeji, na kwamba mganga amedanganya. Mayu Kabula akaletwa. Hakujua Kiswahili cha kutosha, hivyo mkalimani nikawa mimi.

"Nilimwambia huyu," alisema kwa Kisukuma, akininyooshea kidole. "Nilimwambia kuhusu ugoro, na kuhusu wekundu. Aliandika. Muulizeni."

Nikatafsiri neno kwa neno. Bwana Shauri akanigeukia. "Uliandika?"

Bwana Mimea alinitazama. Nilikuwa na mke, mtoto mchanga, na nyumba ya serikali yenye bati. Kopo la biskuti lilikuwa chini ya kitanda changu, hatua mia tatu kutoka pale.

"Sikumbuki, Bwana," nikasema.

"Anasema nini?" Mayu Kabula akaniuliza. Mimi ndiye niliyetakiwa kumtafsiria jibu langu mwenyewe. Nikamtafsiria. Alifungwa miezi sita na kupigwa marufuku kutibu.

Nikaendelea na kazi hiyo mpaka kustaafu. Nilipandishwa cheo mara tatu, nikapewa saa ya ukutani na hotuba kuhusu uaminifu wangu. Nilitamani kuwarushia ile saa. Nyumbani mke wangu alinikuta nimeketi sakafuni na kopo limefunguliwa, nikaona aibu kama mwizi. Kesho yake nikapanda basi kwenda Katoro.

Nilimkuta Mayu Kabula uani anapepeta mtama, nywele nyeupe zote. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Nikamwambia nimeleta kitu, nikampa kile kipande cha karatasi. Akakigeuza huku na huku, akanirudishia.

"Sijui kusoma. Soma wewe."

Nikasoma nikimgeuzia kwa Kisukuma. Kata gome. Kaa chini, nusa ugoro mpaka uishe puani. Utomvu ukibaki mweupe, ni dawa ya minyoo. Ukigeuka mwekundu, ni sumu, ziba mkato kwa udongo, ondoka. Aliyesema: Mayu Kabula.

Aliweka ungo chini. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru.

"Kumbe ulinisikia," alisema.

Akainua ungo wake, akaendelea kupepeta.