Neno Limelala Kwemtindi

Fanueli alikuwa na jambo moja la kujivunia maishani, na jambo hilohilo ndilo lililomvunja mkewe nyonga.

Alikuwa tarishi wa Halmashauri ya Wilaya pale Lushoto. Kwa maelezo ya ofisi, kazi yake ilikuwa kupeleka barua, kuchemsha chai siku za kikao na kufuta vumbi kwenye meza ambazo wenyewe hawakukaa sana. Lakini kazi aliyoitambua yeye ilikuwa moja tu, kubeba maneno. Halmashauri ikiamua jambo, Fanueli alivaa koti lake la kaki, akachukua fimbo, akapanda na kushuka mpaka kijijini, akawakusanya watu na kuwaambia. Kisha alisikiliza jibu na kurudi nalo. Hakulitia chumvi wala hakulipunguza. Baba yake aliifanya kazi hiyo kwa Zumbe, chifu wa Wasambaa, enzi za Mwingereza, akamwachia kazi hiyo na wosia usio na mali: mjumbe anayeongeza neno ni mwizi, na anayepunguza ni mwizi vilevile.

Uhuru ulipokuja na machifu wakaondolewa, watu walidhani Fanueli ataondoka na Zumbe wake. Wapi! Wakubwa wapya waligundua upesi kwamba nao wana maneno ya kupelekwa milimani, na miguu yao hawataki ichoke. Fanueli alibadilishiwa koti tu.

Kwao kulikuwa Kwemtindi, bonde moja chini ya mji, mahali penye mteremko ambao ukiangusha kiazi mlangoni kwako utakiokota kwa jirani. Kijito kilikuwa chini kabisa. Kila siku ya Mungu wanawake walishuka na madebe matupu na kupanda na madebe yaliyojaa, na mkewe Yunis alikuwa mmoja wao. Masika njia ile iliteleza kama sabuni. Yunis alikwisha kuanguka mara nyingi, na kila mara aliinuka, akalifuta debe matope, akashuka tena. Hakuwa na kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko bomba la maji. Watu wengine waliomba mvua kanisani, yeye aliomba bomba, na mchungaji alijua.

Sasa, Kwemtindi walikuwa na desturi yao. Neno la wakubwa halikujibiwa siku lilipofika. Tarishi akimaliza kusema, mzee mmoja alisimama kwa niaba ya wote akatamka, "Tumesikia." Basi, watu walitawanyika, na neno likalala. Waliliongea mashambani, wakaliongea mekoni, mume akamuuliza mke na mke akamuuliza mama yake. Baada ya siku mbili tatu, mzee yule alikwenda alfajiri nyumbani kwa tarishi. Akisema, "Neno limeamka," maana yake wamekubali. Akisema, "Neno halikuamka," wamekataa. Wazee walisema desturi hiyo ilitokana na enzi ambazo mtu akimjibu mjumbe wa Zumbe kwa hasira, jibu lilirudi na askari. Neno likilala, hasira nazo hulala. Zumbe aliijua desturi hiyo, akangoja. Hata Mwingereza, kwa ubishi wake wote, alijifunza kungoja.

Halmashauri haikungoja. Afisa Mtendaji wake alikuwa Ndugu Alfred, mtu wa kuja, kijana msafi mwenye haraka. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mapema ili msije mkamtafutia pembe kichwani. Alikuwa na ajenda ndefu na kikao kifupi, na kwake jibu lilikuwa ama ndiyo ama hapana.

Mwaka mmoja baada ya Azimio, Halmashauri ilipiga marufuku kulima kando ya vijito. Sababu ilikuwa nzuri kwenye karatasi: udongo usichukuliwe na maji. Lakini kando ya kijito ndiko wanawake wa Kwemtindi walikokuwa na bustani zao za mboga. Fanueli alilipeleka neno. Mzee Kornelio, msemaji wa kijiji wakati huo, alisimama akasema, "Tumesikia." Fanueli akarudi ofisini.

"Wanasemaje?" Alfred aliuliza.

"Wamesikia, Bwana."

"Vizuri. Andika wameafiki," Alfred akamwambia karani.

Fanueli akachukua fimbo yake, akatoka. Aliulizwa wanasemaje, naye alisema walivyosema. Alfajiri ya siku ya tatu Mzee Kornelio alibisha mlango wake akasema neno halikuamka. Siku hiyohiyo mabwana shamba walifika na vibarua, wakang'oa kabichi na karoti mpaka miche ya Yunis iliyokuwa na majani mawili tu. Fanueli alikimbia ofisini kueleza. Alfred alimsikiliza akiwa amesimama. "Mzee Fanueli, wewe mwenyewe ulisema wamesikia. Mtu aliyesikia na asipinge, amekubali." Na kwa kweli, ukilitazama kwa macho ya mtu wa kuja, lilikuwa na mantiki.

Yunis hakumlaumu. Alisema tu kwamba yaliyopita si ndwele, na akaanza kununua mboga sokoni alikokuwa akiuza.

Miaka miwili baadaye mabomba yakaja. Yaliletwa na lori kutoka Mombo, yakapangwa uani kwa Halmashauri, na habari ikafika Kwemtindi kabla lori halijazima injini. Yalitosha kijiji kimoja. Vijiji viwili vilikuwa karibu na chanzo cha maji: Kwemtindi, na Kwemvumo ng'ambo ya bonde. Madiwani waliamua kwamba bomba litakwenda kwa watakaokubali kuchimba mtaro wenyewe, kwa kujitolea. Fanueli akaagizwa Kwemtindi Jumanne, na kikao kingekaa Jumatano.

Katika miaka yake yote ya kazi hakupata kupeleka neno tamu namna ile. Alisimama uwanjani mbele ya kanisa, watu wamejaa mpaka ukutani, Yunis kaketi mbele kabisa na kanga yake ya Krismasi. Alisema yote: mabomba, mtaro, kujitolea. Mzee Kornelio alisimama. Mdomo ulikuwa unamtetemeka kwa furaha, kila mtu aliona. Akasema, "Tumesikia."

Jioni hiyo Yunis aliweka chakula mezani asiondoke.

"Kesho wakikuuliza, waambie tumekubali."

"Neno limelala, mama Efrazia. Tarishi haliamshi."

"Umewaona watu nyuso zao? Umeniona mimi?"

"Nimewaona. Lakini uso si neno. Nikisema leo wamekubali bila kuambiwa, kesho nitasema wamekataa bila kuambiwa. Ndivyo baba alivyosema."

"Baba yako hakuteka maji," Yunis alisema. "Mgoshi, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu cha ofisini kwenu. Neno moja tu."

Fanueli alivuta sahani, akala. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa umekaza kama fundo la kamba iliyolowa.

Jumatano madiwani walikaa. Ajenda ya kwanza ilikuwa choo cha sokoni, ya pili mbwa wanaozurura, ya tatu maji. Fanueli alikuwa akizunguka na birika.

"Mzee Fanueli, Kwemtindi wanasemaje?" Alfred aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wamesikia, Bwana."

"Nauliza, wamekubali kuchimba?"

Fanueli alimtazama Ndugu Nathanaeli. Huyu alikuwa diwani wa vijiji vyote viwili, Kwemtindi na Kwemvumo, mzaliwa wa Kwemvumo, Msambaa wa kunyonya hukohuko. Mama yake mzazi alitoka Kwemtindi. Aliijua desturi ya neno kulala kama alivyojua njia ya kwao. Alikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu: waache mpaka Ijumaa. Alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba majani ya chai yameandikwa kitu.

"Wamesikia," Fanueli alirudia. "Neno limelala, Bwana. Litaamka."

"Limelala!" Alfred alicheka, na alicheka kwa upole, kama mtu anayechekeshwa na babu yake. "Basi tusilisumbue."

Madiwani nao wakacheka, na wengi wao walikuwa wana wa milima hiyohiyo, waliolelewa katika nyumba ambamo maneno yalilala na kuamka. Hilo ndilo linaloniuma mimi kila nikisimulia habari hii. Mgeni haoni, hata akiwa na macho. Wale waliona, wakacheka ili wasionekane washamba.

Ndipo Nathanaeli akainua kichwa. "Kwemvumo wamekubali kwa kauli moja," alisema.

Kwemvumo hakukuwa na mkutano. Fanueli alijua hivyo, kwa sababu mwenye kuitisha mikutano alikuwa yeye. Lakini hakuulizwa habari za Kwemvumo, na mjumbe haongezi neno. Akammiminia Nathanaeli chai. Chai ikamwagika kwenye kisahani, akaomba radhi.

Alhamisi, ukungu haujainuka, Mzee Kornelio alibisha mlango. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Neno limeamka," alisema. "Limeamka vizuri, mwanangu. Hata halikulala sawasawa, limeshinda likigaragara. Watu wameshatafuta majembe."

Fanueli alishika mwimo wa mlango asijibu. Nyuma yake Yunis aliweka chini kikombe alichokuwa ameshika. Kwa kule kunyamaza kwa mumewe alielewa yote, hakuhitaji kuambiwa.

Fanueli alikimbia ofisini, akamngoja Alfred mlangoni, akaeleza kwa pumzi moja. Alfred alikuna kidevu. Nadhani alisikitika.

"Kikao kimekwisha kaa, mzee wangu. Siwezi kukitengua peke yangu. Na wewe ndiye uliyeleta jibu."

"Bwana, mwaka ule wa bustani nilileta neno hilihili. Mkaandika wameafiki."

Alfred alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inanyesha kuja chini.

"Lile lilikuwa jambo la serikali," alisema. "Hili ni la kwenu."

Bomba lilikwenda Kwemvumo. Watu wake walichimba mtaro kwa kuburutwa, nusu yao wakilaani, kwa maana hakuna aliyewauliza.

Masika yaliyofuata, Yunis aliteleza na debe lililojaa pale penye jiwe kubwa. Safari hii hakuinuka. Walimbeba kwa machela mpaka hospitali, akalala huko hadi mvua zikaisha, akarudi na fimbo na mguu mmoja mfupi. Maji yakawa kazi ya Fanueli. Aliyateka alfajiri kabla watu hawajatoka, maana kule kwao mwanamume mwenye debe begani alikuwa kichekesho, tena akiwa tarishi wa Halmashauri na koti lake la kaki. Kutoka kijitoni aliweza kuona bomba la Kwemvumo ng'ambo, likitiririka wazi. Koki ilikuwa imekufa na hakuna aliyejali kuibadilisha.

Yunis hakumsema. Ingekuwa nafuu angemsema. Alichofanya ni hiki: kila alipotaka kitu, kuni, chumvi, mto wa kuegemea, alimwambia kisha akauliza, "Umesikia?" Na Fanueli alipojibu kwamba amesikia, alisema, "Haya. Tungoje kama utaamka." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Alilisema mbele ya wageni. Wageni walidhani ni utani wa wazee, wakacheka.

Mwaka wa sabini na mbili watu wakaambiwa kwamba madaraka yanapelekwa mikoani ili yawe karibu na wananchi, na kwa hiyo halmashauri zinavunjwa. Alfred alikuwa amekwisha hamishwa. Alikuja afisa kijana kutoka mkoani, akawakusanya watumishi wa chini kwenye ukumbi uleule wa vikao: madereva, wafagiaji, mlinzi, Fanueli. Akawashukuru kwa kulijenga taifa. Akawaambia kwamba wengine watapangiwa kazi mpya, na wazee watapumzika. Akasoma majina ya wazee. La Fanueli lilikuwamo.

Mlinzi akasema amesikia. Wafagiaji wakasema wamesikia. Fanueli alikuwa amelifikiria jambo hili tangu tetesi zilipoanza, njia nzima ya kijitoni, kila alfajiri. Safari hii neno halitalala. Alisimama, akavua kofia.

"Mimi sikubali," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutoa jibu ambalo halikuwa la mtu mwingine, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. Alimtazama karani aliyekaa pembeni ya yule afisa, akingoja aone kalamu ikienda.

Kalamu haikwenda. Kijana yule alikuwa na adabu zake. Alitabasamu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee. Hatukuulizi. Tunakuarifu tu."

"Marahaba," Fanueli alijibu, kwa kuwa shikamoo haiachwi bila kuitikiwa. Akakaa.

Alirejesha koti la kaki stoo, akashuka Kwemtindi na shati tupu katika baridi. Yunis alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage, fimbo imelala pembeni.

"Wamesema nini?" aliuliza.

Akamweleza.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nimekataa. Palepale, mbele yao wote."

Yunis aliacha kuchambua. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, mpaka Fanueli akadhani labda, baada ya miaka yote ile, atasifiwa.

"Kumbe mdomo ulikuwa nao," alisema.

Kisha akarudia maharage yake. "Debe liko nyuma ya mlango. Leo nenda tu mchana. Huna tena ofisi ya kuionea haya."