Lita Sita kwenye Injini ya Lita Nne

Ukitaka kumkasirisha Ciakuthii wa Kianjokoma, mwambie pikapu yake imezeeka. Atakuuliza wewe mwenyewe ulizaliwa mwaka gani. Pikapu hiyo ya bluu ni ya mwaka wa themanini na saba. Aliachiwa na marehemu mumewe, na kwa miaka kumi na mmoja sasa ameiendesha mwenyewe kila asubuhi, akikusanya maziwa ya akina mama ishirini na watatu wa kilima chao na kuyafikisha kwenye kituo cha ushirika kabla hayajaharibika. Watu humwita Mama Njoki, kwa jina la bintiye anayefundisha huko Nkubu. Humwita hivyo kwa heshima na kwa tahadhari pia, maana ulimi wake hauna breki.

Mambo ya gari lake hakupenda kumwachia mtu. Tairi alibadilisha mwenyewe, plagi alisafisha mwenyewe, na oili ndiyo usiseme. Kila asubuhi kabla ya kuondoka alifungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia, akakifuta kwa pindo la leso yake, akakirudisha, akakichomoa tena na kukisoma. Kikiwa kimelowa chini ya alama, aliongeza. Oili yenyewe aliijua pia. Mtu akimwonyesha hizi nyepesi za magari ya kisasa alimcheka waziwazi. Injini ya zamani, alisema, vyuma vyake vimeshalika na kuachana kidogo, kwa hivyo inataka ile nzito ya ishirini-hamsini. Hapo alikuwa sahihi kabisa.

Balaa ilianza mwezi wa Mei. Mwezi wa Aprili, Gedion, fundi wa pale sokoni, kijana mtulivu wa maneno machache, alikuwa amembadilishia gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, Mama Njoki akisimama kando, ufunguo mkononi. Wiki chache baadaye pikapu ikaanza kutoa moshi wa bluu. Kwanza ulikuwa kidogo, wakati wa kupanda mlima. Kisha ukawa mwingi, hata akina mama wakawa wanaziba pua kwa vitambaa vyao vya kichwa, na oili ikaanza kudondoka chini ya gari. Mama Njoki hakuona haja ya kuchunguza. Alisimama katikati ya kituo cha maziwa, watu wakiwa kwenye foleni, akatangaza kwamba Gedion amechukua ringi zake nzuri za pistoni na kumwekea kuukuu.

Gedion alimfuata kando ya barabara.

"Mama, gasketi iko huko juu. Kwa ringi mimi sikufika. Niletee gari niangalie."

"Nikuletee uchukue nini tena?"

Maneno ya Mama Njoki yakaenda mbio kuliko pikapu yenyewe. Kufikia mwisho wa Juni, uwanja wa Gedion uliokuwa ukijaa magari ulikuwa na trekta moja mbovu na kuku watatu.

Basi Mama Njoki akaenda kwa Mutuma, mwenye duka la spea, mtu wa Meru mwenye maneno matamu. Mutuma hakuuliza hata gari lina umri gani. Alimuuzia chupa ya dawa ya kuzuia moshi. Dawa hizo huifanya oili iwe nzito zaidi, na injini iliyochoka kweli huweza kutulia nazo kwa muda. Lakini dawa nayo ni maji yanayotaka nafasi, na Mama Njoki aliimimina yote juu ya oili iliyokuwamo. Moshi ukazidi. Akarudi, akanunua chupa ya pili, akaimimina nayo. Ukazidi tena.

Jumatatu moja Mzee Nthiga, mwenyekiti wa ushirika, alimngoja mlangoni mwa kituo, kofia mkononi.

"Mama Njoki, maziwa yananuka moshi. Wanunuzi wamerudisha mikebe miwili. Ijumaa kamati inakaa. Kama gari haitakuwa imepona, kazi tutapea yule kijana wa Karurumo. Ako na gari mpya."

"Itapona," alisema, na akaondoka bila kuaga.

Aliogopa, nisikufiche. Kazi hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani baada ya matanga, ikamrudisha kati ya watu. Bila hiyo angekuwa mjane wa kukaa kibarazani akingoja binti apige simu. Siku hiyo na iliyofuata aliikagua pikapu kila alipopata nafasi, na kila mara kijiti kilimwambia jambo lile lile, oili imepungua, naye akaongeza.

Jumatano asubuhi alisimama langoni kwa Veronicah, mama mwenye ng'ombe wawili na manung'uniko ya ng'ombe kumi. Maziwa hupimwa kwa fimbo ya chuma yenye alama, inayotumbukizwa ndani ya mkebe. Mama Njoki akaitumbukiza, akasoma lita kumi.

"Kumi?" Veronicah akapaza sauti. "Jana ilikuwa kumi na mbili, na ng'ombe ni wale wale!"

"Na mkebe umeweka wapi? Si hapo kwa mteremko? Mara ngapi nitawaambia muweke mahali sawa? Maziwa yakilala upande mmoja, chuma inadanganya!"

Veronicah akauburuta mkebe hadi kwenye jiwe bapa. Fimbo ikasoma kumi na mbili. Mama Njoki aliinua macho, akaitazama pikapu yake iliyosimama pua ikitazama chini ya mlima, akaitazama fimbo, akaitazama pikapu tena. Veronicah anasema hajawahi kumwona hivyo.

Unajua, mwisho wa Aprili stata ya pikapu, ile ya kuwashia injini, ilikufa. Mama Njoki hakutaka kumlipa Gedion mara ya pili kwa mwezi mmoja, akafanya wanavyofanya watu wote wa milima ile. Badala ya kulilaza gari pale penye usawa kando ya zizi, alianza kulilaza langoni mwake, penye mteremko, pua chini, ili asubuhi aachilie breki tu, liteleze na kushika lenyewe. Na hapo hapo langoni ndipo alipopimia oili, kila siku, kwa uaminifu wote. Oili ilikuwa imekimbilia mbele ya injini. Kijiti kiko upande wa nyuma. Kilimdanganya asubuhi baada ya asubuhi, naye alikitii.

"Ngai baba, Mungu wangu," alisema polepole.

Mchana huo aliiegesha pikapu kwenye uwanja wa shule, mahali tambarare, akaizima, akangoja oili ishuke yote. Kijiti kikatoka kimelowa hadi kidole kizima juu ya alama ya mwisho. Alipofungua nati ya chini, oili ilitoka kama uji, nzito na yenye mapovu, ikajaza dumu hadi karibu lita sita. Injini ile inataka nne. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka chini huipiga na kuikoroga, ikapanda kwenye njia ya hewa na kwenda kuungua pamoja na petroli. Nyingine husukumwa nje kwenye viungio. Ndiyo iliyokuwa ikivuja. Akabadilisha chujio, akamimina lita nne za ishirini-hamsini, akapima, akafunga. Dawa hakutia hata tone, na wanafunzi wakamsukumia gari hadi injini ikashika.

Alhamisi pikapu ilitoa moshi hadi nusu ya safari, ikimaliza mabaki yaliyokuwa kwenye ekzosi, kisha hewa ikawa safi. Mama Njoki alipanda mlima akiimba.

"Umetengeneza ile Gedion aliharibu!" Veronicah alimshangilia.

Mama Njoki alipakia mkebe, akaachilia breki. Ulikuwa uongo, na alikuwa ameuacha upite. 

Ijumaa kamati ilitoka nje kuitazama pikapu ikinguruma. Mzee Nthiga aliinama nyuma ya ekzosi, akanusa, akatabasamu.

"Kazi ni yako, Mama Njoki. Na ni fundi gani ameitengeneza?"

Watu walikuwa kwenye foleni na mikebe yao, kama siku ile ya Mei.

"Ngoja, mwenyekiti, usiandike bado," alisema, na sauti yake ilifika mwisho wa foleni. "Gari haikuwa mgonjwa. Ni mimi. Nilipima oili kwa mteremko miezi miwili na zaidi, nikaijaza mpaka ikatapika. Gedion hakuniibia kitu. Mimi ndiye nilimwibia kazi yake. Kama mtu wa kukosea hivyo hafai kubeba maziwa yenu, pea kijana wa Karurumo."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Mzee Nthiga akaandika jina la Mama Njoki.

Kutoka pale aliendesha moja kwa moja hadi uwanja wa Gedion, akaiegesha pikapu mbele kabisa, inapoonekana na kila mpita njia wa siku ya soko. Gedion alisimama pale pale, kitambaa chenye grisi mkononi.

"Stata ilikufa," Mama Njoki alimwambia. "Nitengenezee. Na unisamehe, nilikusingizia."

"Umesema hivyo huko kwa maziwa?"

"Nimesema."

"Watu wakiwa hapo?"

"Wale wale."

Gedion alinyoosha mkono, naye akampa ufunguo, kitu ambacho hakuwa amempa mtu kwa miaka kumi na mmoja. Hakwenda nyumbani. Alikalia tairi kuukuu kando ya barabara mchana kutwa, na kila aliyemsalimu na kumuuliza anafanya nini hapo, alimjibu kwa sauti ile ile isiyo na breki:

"Namngoja fundi wangu."

Hadi stata iliposhika, alikuwa amelisema hilo mara kumi na saba. Gedion, aliyekuwa amelala chini ya gari, alikuwa amezihesabu zote.