Paka Aliyekimbilia Chumba cha Baba Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu Kemunto, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku niliyosimama mlangoni kwa baba mkwe wangu nikimwita paka, na paka akakataa kuja. Imenirudia jana nilipoiona picha uliyonitumia, paka wako amefungwa bomba mguuni, macho yamemtoka, na chini yake umeandika: "Mama mkubwa, daktari anasema tuendelee wiki mbili zaidi. Nifanye nini?" Nimekaa na swali lako tangu jana. Kukujibu kwa simu nimeshindwa, maana nikianza kulia wewe utadhani kuna msiba. Basi nakuandikia, na kwa Kiswahili, kwa sababu Ekegusii chako cha mjini tunakijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba yenu mkubwa alikuwa amenioa, akaniacha huku mlimani juu ya Keroka, upande wa Nyamira, akarudi Mombasa kwenye kazi yake. Alikuja Krismasi, akikumbuka. Mtoto sikuwa naye. Asubuhi nachuma majani chai, mchana nayapeleka kituoni yakapimwe, jioni nasonga ugali wa mtu mmoja. Umewahi kusonga ugali wa mtu mmoja? Unga kidogo namna ile hausongeki. Kwa hiyo kila siku nilipika wa watu wawili, na wa pili akawa paka.

Nilimwita Karani. Alikuwa na tabia ya kukaa kando ya kikapu changu cha chai akikikodolea macho, kama karani wa kituoni anayeshuku kwamba umenyunyizia majani maji ili yawe mazito. Nilimwambia kila kitu. Nilimsomea hata barua za mume wangu, ambazo hazikuwa ndefu. Usicheke, mwanangu. Mtu asiye na wa kuzungumza naye huzungumza na aliyepo, na mimi niliolewa kwenye boma la watu wengi nikakaa peke yangu.

Mwaka wa tatu Karani akaanza kukonda. Akawa anakunywa maji mpaka unashangaa yanakwenda wapi, anatapika, mdomo unanuka. Nikambeba kikapuni, nikafunika kwa leso, nikateremka naye kwa miguu hadi Keroka kwa daktari wa mifugo. Daktari mwenyewe alikuwa mtu wa Machakos, tukaongea Kiswahili. Alizoea ng'ombe, lakini alimshika Karani kwa mikono ya upole, akamtazama mdomo, akambonyeza tumbo.

"Mama, figo zimechoka," akasema. "Nitamdunga maji chini ya ngozi, atasikia afadhali siku mbili tatu. Kumponya, haitamponya. Ukitaka, mlete kila baada ya siku mbili. Ukiona anasumbuka sana, tuache."

Yule mtu alisema kweli yote, wala sina kinyongo naye hadi leo. Ni mimi niliyesikia neno moja tu, "mlete". Hayo mengine yalipita kama hayakusemwa.

Kesho yake wake wa shemeji zangu walinisubiri kisimani. Habari ilikuwa imenitangulia kufika. "Tumesikia umempeleka paka hospitali," mkubwa wao akasema. "Wiki ijayo ni zamu ya kuku, akapimwe macho?" Wakacheka hadi mmoja akamwaga maji yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waume wao walirudi nyumbani kila jioni, wangejuaje? Lakini kicheko kile kilinitia ukaidi. Nikaapa moyoni kwamba paka huyu atapona na watamwona akipita mbele yao amenona. Tangu hapo matibabu hayakuwa ya Karani peke yake. Yalikuwa yangu pia, ya kuwaonyesha.

Siku ya kwanza, mwanangu, Karani aliingia kikapuni mwenyewe, maana alizoea kulala mle. Siku ya pili ilibidi nimsukume. Siku ya tatu nilimfunga leso miguu yote minne, akanikwaruza kuanzia kiwiko hadi kiganja, na njia nzima alilia sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Kwa daktari alijikojolea mezani. Sindano ile ilikuwa nene, na maji yaliingia polepole, nami nilimkandamiza kwa mikono yote miwili nikimwambia, "Vumilia, ni kwa faida yako." Tukirudi nyumbani alikuwa na nafuu kweli, jioni moja, pengine na asubuhi yake. Halafu tunaanza tena.

Zamani nikifungua mlango, alikuja. Sasa nikifungua mlango alikimbilia chini ya kitanda, akageuza uso ukutani. Niliinama kumwita, naye alitetemeka. Nilikuwa na kiumbe kimoja tu duniani kilichofurahi kunisikia nikiingia, na nilikuwa nimekifundisha kuniogopa. Nililiona hilo, Kemunto. Siwezi kukudanganya kwamba sikuliona. Niliona, nikachukua kikapu.

Siku ya sindano ya sita alinitoka mikononi, akapita dirishani, akavuka uwanja, akaingia nyumba ya baba mkwe, moja kwa moja hadi chumba cha ndani anamolala mzee.

Sasa wewe wa kizazi chako labda hujui uzito wake. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima yenye mipaka. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mke wa mwana haingii chumba cha kulala cha baba mkwe, hata kukiwaka moto utaita mtu mwingine. Karani alikuwa amejificha mahali pekee katika boma lile ambapo mguu wangu haukuweza kukanyaga. Najua paka hajui chinsoni. Hata hivyo niliposimama pale mlangoni na kikapu mkononi, niliona haya kama mtu aliyeshtakiwa.

Nikaita. Nikaita tena kwa sauti tamu. Aliyetoka ni baba mkwe. Alikuwa mzee mkavu, mwenye maneno machache, na katika miaka mitatu tulikuwa tumesalimiana tu, yeye akitazama pembeni kama desturi inavyotaka.

"Yuko chini ya kitanda changu," akasema. "Sikukatazi. Ukimwambia mama yenu atakutolea. Lakini kaa kwanza."

Nikakaa kwenye kigoda, yeye akasimama mbali, amenipa ubavu, anatazama migomba.

"Daktari alisemaje?"

"Alisema nimpeleke kila baada ya siku mbili, tata," nikamwita baba kwa lugha yetu.

"Sijauliza alikuagiza nini. Nimeuliza alisemaje juu ya ugonjwa."

Nilijaribu kuzunguka. Nikasema figo, nikasema maji, nikasema afadhali. Mzee akangoja. Mwisho nikalitamka kwa mdomo wangu, mara ya kwanza: "Alisema haitamponya."

"Kumbe," akasema. "Basi mtoto wangu, unamtibu nani?"

Nikalia, mwanangu. Nikalia mbele ya mkwe, jambo la aibu, na yeye hakugeuka wala hakuondoka. Mama mkwe alikuwa ametoka jikoni akipangusa mikono, tayari kuingia kumtoa. Nikamwambia, "Mwache." Sijawahi kusema neno gumu kuliko hilo. Nilijua nikilisema nitarudi kwenye nyumba tupu, na wale wa kisimani watakuwa wameshinda, na ugali utabaki sufuriani.

Karani hakurudi kwangu. Kila siku adhuhuri, jua likiwa kali, mzee alimbeba akamlaza uwanjani juu ya gunia, kisha akaondoka hadi kwenye ua ili mimi nipate kusogea. Mzee yule hakuwa mtu wa paka. Alifanya hivyo kwa ajili yangu, bila kuvunja desturi hata kidogo. Siku ya kwanza nilikwenda mbio na maziwa. Karani aliponiona alijiburuta, miguu haina nguvu, akielekea kwa mzee. Alinijua vizuri, ndiyo sababu alinikimbia.

Nikajifunza kukaa mbali. Nilikuja mikono mitupu, nikakaa hatua kumi, nimempa mgongo, nikachambua mboga. Siku iliyofuata hatua nane. Kisha sita. Sikumwita, maana hata jina lake kinywani mwangu lilikuwa limekuwa sindano. Niliimba nyimbo za kanisani, kwa chini, zile nilizokuwa nikiimba zamani nikipika. Siku moja nilisikia kwa pumzi zake kwamba amelala usingizi nyuma yangu, na nilifurahi kama mtu aliyepewa shamba.

Alikufa siku ya nane, mchana, mimi nikiwa hatua tatu. Sikuwa nimemgusa. Mzee alikuja, akamtazama, akavua kofia. Akasogea nyuma kunipisha.

"Sasa unaweza kumshika," akasema. "Hataogopa tena."

Nilimshika. Alikuwa mwepesi ajabu. Mwanangu, nimezika watu wengi tangu siku hiyo, na yule mzee mwenyewe ni miongoni mwao, na nyumba yangu sasa ni kimya kuliko wakati ule. Lakini kwa wale wengine naweza kusema nilifanya nilichoweza. Kwa Karani nilifanya zaidi ya nilichopaswa, na hilo ndilo lisilonitoka.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikwambii umtoe paka wako bomba. Sindano si dhambi, na daktari si adui. Rudi kwake, umwulize waziwazi: atapona, au tunasogeza siku? Jibu lake ulisikilize lote, usichague neno moja kama mimi. Akikwambia atapona, vumilia makucha na kilio, atakusamehe yakipita. Akikwambia ni kusogeza siku, usiulize tena daktari, mwangalie paka. Kama siku hizo anaziishi kwa raha, anaota jua, anakuja ukimwita, ni siku za haki, mpe. Kama anazimaliza kwa kutetemeka akingoja safari ijayo, hizo unajipa wewe. La kuvunda halina ubani, na ukiufukiza bure, anayenusa moshi ni mgonjwa. Na ukiwa unaogopa kubaki peke yako, sema hivyo. Niambie mimi, usimsemeshe yeye kwa sindano. Upweke si aibu, ila si ugonjwa wa paka. Mimi nimeishi nao miaka, na nakuhakikishia haujaniua.

Uamuzi ni wako, wala sitakuuliza ulichochagua. Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe ulimi wa kuuliza na masikio ya kusikia lote. Na wowote utakaowapenda, wa miguu miwili au minne, wasiwahi kuogopa kukusikia ukifungua mlango.