Thoya Aliyeikata Keria

Mdogo wangu Thoya anajiita kiongozi wa misafara. Ukimuuliza misafara gani, atakwambia ya baiskeli: huwatoa wageni wa Nairobi na Ulaya pale Dabaso, akawapeleka mpaka Vitengeni wakaone mashamba na mbuzi. Watu wenye magari yao wanayaacha hotelini, wanavaa kaptura zenye kijigodoro makalioni, wanajikausha juani kutwa nzima, halafu wanaiita likizo. Mimi nalima mahindi kwenye jua hilo hilo tangu usichana wangu, na sijawahi kuiita likizo.

Baiskeli anayoendesha ni ya marehemu baba, ile nyeusi nzito, iliyokuwa na keria pana nyuma. Keria hiyo imebeba magunia, imebeba mitungi ya maji, imenibeba mimi nikienda kujifungua. Tangu pikipiki ilipomvunja mguu, mama hataki kusikia habari za pikipiki, na kutembea mbali hawezi. Keria ndiyo iliyokuwa ikimpeleka kanisani Gede kila Jumapili, amekaa upande, Biblia mapajani. Kwingine kote ameshaacha kwenda. Kanisa ndilo lililombakia.

Basi baada ya Pasaka Thoya akaenda kwa fundi, akaikata keria kwa msumeno. Nikamuuliza kama ana wazimu.

"Dada, baiskeli ya utalii haina keria," akanijibu. "Wageni wakiiona watadhani mimi mchuuzi wa mkaa."

"Na mama je?"

"Mama atasali nyumbani. Mungu yuko kila mahali."

Mtu ambaye kanisani hajaingia tangu abatizwe, leo ananifundisha Mungu alipo. Nilimsonya mpaka midomo ikaniuma. Jumapili iliyofuata mama alivaa leso yake mpya, akakaa mlangoni na Biblia yake, na kila Jumapili baada ya hapo akafanya vivyo hivyo. Nyimbo za kanisa hazifiki huku kwetu.

Jumapili iliyopita Thoya aliondoka mapema na wageni wake, kofia ngumu kichwani, miwani myeusi usoni, kifua mbele. Wala hakufika mbali. Kwenye mteremko wa mchanga akaachia usukani ili apigwe picha, akaenda chini mzima mzima, mguu ukateguka. Wageni wakamzunguka na baiskeli zao za fahari, na hata moja haikuwa na pa kumketisha mtu. Wakampulizia dawa, wakampa ndizi, wakaendelea na safari kwa kufuata ramani ya simu. Kumbe kiongozi hata hahitajiki.

Aliyemwokota ni Ngowa, mchuuzi wa mkaa. Alishusha magunia yake kando ya njia, akampandisha Thoya kwenye keria ya baiskeli yake. Nikawaona wakiingia uani: bwana mkubwa amekaa upande kama bi harusi, kaptura imejaa masizi, kofia bado kichwani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na sioni haya kusema.

Mama alikuwa mlangoni, na leso yake mpya. Akamtazama mwanawe, akautazama ule mguu, akaridhika kwamba haukuvunjika. Kisha akajivuta, akasimama.

"Ngowa, mwanangu," akasema, "mshushe huyo, nipande mimi. Ibada haijaanza."