Jenerali Aliyebeba Jina la Bwana Yangu

Siku ile ilianza na sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga, na bwana yangu Daniel amekaa kizingitini anapiga viatu rangi, ingawa ilikuwa Jumamosi na hakuwa na pa kwenda. Nikamtania: "Unang'arisha kwa ajili ya nani? Umeoa tena?" Akacheka, akasema mwalimu ni mwalimu hata Jumamosi. Mama yake, ambaye miguu ilishaanza kumkataa, alikuwa ndani anasali kwa sauti ya kugombana na Mungu, kama kawaida yake.

Risasi zilianzia sokoni.

Kwetu, mashariki ya Kongo, milio ya mbali tulishaizoea. Hii haikuwa mbali. Daniel alinifunga binti yetu Furaha mgongoni, akaniambia nivuke mto niende uwanja wa ndege, walikokuwa askari Wafaransa. "Mimi nitamleta mama polepole," alisema. Sikubishana naye. Nilikimbia.

Nyuma yangu wenye bunduki walifunga daraja.

Mkubwa wa Wafaransa wale alikuwa jenerali mrefu, mkavu, anayetembea mikono nyuma. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Aliniambia mwenyewe kwamba aliingia jeshini ili asiamshwe alfajiri, na huko wakamwamsha mapema zaidi. Aliniambia hayo kwa sababu Kifaransa nilifundishwa na masista, kwa hiyo wanawake tuliokimbilia pale uwanjani walinifanya mdomo wao. Kila asubuhi tulikwenda kwenye hema lake kumwomba avuke akawatoe watu wetu. Kila asubuhi alijibu kwamba ameagizwa kulinda uwanja wa ndege, si mji. Alisema kwa adabu, na adabu yake ilinichoma kuliko matusi.

Asubuhi moja hasira ilinipanda. Nikamwuliza: "Wewe una jina, au ulizaliwa jenerali?"

Akasema anaitwa Daniel.

Mama weee! Nilipiga kelele mpaka Furaha akaamka. Kwetu mtu mwenye jina lako ni ndoyi wako, na ndoyi si mtu baki. Ndoyi wa bwana yangu ni bwana yangu: nina haki ya kumdai kitenge, kumgombeza, kumwuliza kwa nini hajarudi nyumbani. Wanawake walipiga vigelegele. Nikashika kiuno.

"Wewe Daniel! Mama yako yuko ng'ambo ya mto, hawezi kutembea, na wewe umekaa hapa unakunywa kahawa?"

Askari wake waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Yeye alikuwa mwekundu masikio yote mawili. "Madame," akasema, "mimi nina mke Ufaransa."

"Mpe pole. Sasa tuko wawili."

Hakucheka. Aliniangalia mimi, kisha mtoto. Halafu akauliza nyumba ya mama yake iko wapi.

Kesho yake alivuka mwenyewe, na malori, bila kuomba ruhusa Paris.

Yaliyotokea ng'ambo alinisimulia mama mkwe. Jenerali alishuka, akamkuta bwana yangu mlangoni, akampa mkono: "Mimi ni Daniel. Mke wetu amenituma." Bwana yangu alicheka, mama mkwe anasema, alicheka kabisa, na milio inasikika. Akambeba mama yake mgongoni, akampandisha. Malori yalikuwa yamejaa, imebaki nafasi ya mtu mmoja. Jirani yetu alikuwa mjamzito, karibu kujifungua.

Daniel alimpandisha jirani.

Jenerali akamwambia: "Nakurudia."

Malori yalipofika nilikimbia kutoka moja hadi lingine. Niliona nyuso nyingi. Yake sikuiona.

Jenerali aligeuza gari palepale.

Darajani wenye bunduki walimfyatulia risasi. Gari la mbele likawaka. Kwenye redio wakubwa wake walimkataza asiendelee. Alishuka avuke kwa miguu. Askari wake wakamshika.

Alasiri mtaa wetu wote uliwaka moto.

Tuliweka matanga chini ya turubai, bila mwili. Jenerali alikuja peke yake. Alivua kofia, akaketi mkekani upande wa wafiwa, kwa sababu huko ndiko anakokaa ndoyi, na hakuna aliyemwelekeza. Mama mkwe akammegea fufu, ugali wetu wa muhogo, kwa mkono wake. "Kula," alimwambia. "Wewe ndiye mwanangu niliyebaki naye." Alikula, machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

Kwa kosa la kuvuka, wakubwa wake walimwita nyumbani wakamkalisha ofisini mpaka akachoka, akaacha jeshi, akaingia siasa. Alipochaguliwa mbunge huko kwao Ufaransa, sisi tulishafika Birmingham, Uingereza, tunakaa ghorofani mtaa wa Ladywood. Tulimfuatilia kwenye simu. Mama mkwe aligombana na kioo: "Tai imepinda! Hana mtu wa kumwangalia huyu?" Kanisani walinitania: "Mama Furaha, bwana yako yuko kwenye habari!" Nami nilikaa wima. Mama mkwe alifariki hapa, akiwa na amani, baada ya miaka mingi ambayo bila ndoyi asingeipata.

Halafu chama chake kikaleta sheria ya kuwafungia mlango wakimbizi. Ndoyi alisimama bungeni, mikono nyuma, akapiga kura ya hapana peke yake katika safu yake. Niliruka kwenye kochi. Uchaguzi uliofuata chama kikamwacha. Akagombea mwenyewe, akaanguka vibaya.

"But he lost, Koko," mjukuu wangu Esther aliniambia, kwa upole, kama mtu anayempa bibi yake habari za msiba.

Ndiyo, ameshindwa. Lakini kwetu bwana akianguka kazini, mke hajifungii ndani ili watu wamhurumie. Anavaa, anatoka, aonekane. Basi nilitoa kitenge changu cha sikukuu, nikafunga na kilemba, nikapanda basi hadi Alum Rock, nikaitembea barabara yote ya maduka, kichwa juu, na Esther ananifuata kwa aibu.

Mbele ya duka la mboga nilikutana na mama mmoja wa kanisani kwetu.

"Ee, Mama Furaha! Kuna harusi?"

"Hapana. Bwana yangu ameanguka kwenye uchaguzi."

Alinishika mkono, akadhani nimechanganyikiwa. "Dada, si wewe ni mjane?"

"Ni mjane," nikasema. "Mmoja alimpa jirani nafasi yake. Mwingine ameitoa yake kwa watu asiowajua. Nimeolewa vizuri."

Nikalia palepale, kati ya mihogo na ndizi, namlilia yule wa ng'ambo ya mto ambaye hata kaburi sina la kumpalilia. Esther akanishika kiuno. Sikuinamisha kichwa.