Bi harusi wa Navakholo niliyemkashifu

Kuna jambo nimewaficha, na kwa kuwa daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, heri niliseme leo.

Mnanijua kwa kukashifu filamu. Kila filamu mnayoisifu kwenye kundi hili mimi naiita takataka. Na nyingi ni takataka kweli: jambazi anapigwa risasi ya kifua, kisha anahutubu kama diwani!

Leo hapa kwangu Amalemba watu wa nyumbani waliweka filamu ya vijana wa Navakholo. Ngoma nyingi, kelele nyingi. Upuuzi.

Mara nikasikia vigelegele.

Nikajua bi harusi ametoka. Nikanguruma, "Huyo wamemtoa wapi? Anatembea kama bata aliyekanyaga siafu!"





Kisha mjukuu wangu Ayuma akasema polepole, "Kuka, huyo ni mimi."

"Basi ungejifunza kutembea!"

"Lakini sitembei, Kuka. Nimeketi kwa mkeka. Nimekataa kuinuka, mashangazi wananibembeleza kwa vigelegele."

Mke wangu akaniuliza, "Mzee, kwani wewe huwa unatazama nini?"

Chekeni tu.

Huwa nawasikiliza ninyi kwanza. Mkisema fulani amelia vizuri, mimi nasema hajui kulia. Dharau haihitaji ushahidi, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ayuma ndiye anayeniandikia haya. Amenuna, lakini anaandika.

Mjukuu wangu, filamu yako sikuiona. Naona mwanga tu, na hata uso wako siujui tena.